Januari Niliyoiita Kiangazi

Asha, na ninyi wengine wa dirishani,

Mlipokuja kunihani mlinikuta nimekaa mkekani, na baada ya dua na chai mkaniomba niwaandikie habari za kazi. Nilidhani mnaniliwaza tu. Wiki iliyofuata Asha akaleta daftari jipya na kalamu mbili, nikaona mmekusudia kweli. Sasa niko eda hapa Kisarawe, sitoki, wageni ndio wanaonijia. Miaka yote ya kazi nilikaa pahali pamoja nao wakaja, kwa hiyo hali hii si ngeni sana kwangu. Tofauti ni kwamba hawa hawaniulizi njia.

Juu ya msiba sitaandika mengi. Shabani alikuwa mume wangu, na kwa kuwa kazi yangu niliibeba mpaka nyumbani, atatokea humu mara kadhaa. Mkimwona anacheka, ndivyo alivyokuwa.

Nilimaliza darasa la saba hapa Kisarawe, nikaenda Kibaha kufanya kazi ya kufagia na kutandika vitanda katika nyumba yetu ya wageni. Dirishani nilifika kwa sababu ya jino. Mama Anjela, aliyekuwa akitoa maelezo kwa wasafiri, aliamka shavu limevimba, hawezi kusema, na meneja akaniona napita na ndoo. "Mwanahawa, kaa hapo mpaka saa sita," akasema. "Wakiuliza neno usilolijua, tabasamu."

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa kijana wa kigeni aliyekuwa anakwenda Makete mwezi wa saba. Aliuliza kama huko kuna baridi. Mimi baridi niliyoijua ni ya Kisarawe, ile ya mwezi wa saba alfajiri, mtu anapojifunika khanga mbili badala ya moja. Nikamjibu kwa uhakika kabisa, "Ubaridi kidogo." Akaenda na kaptura zake. Alirudi baada ya siku kumi amevaa koti la mlinzi wa shule, refu mpaka chini ya magoti, midomo imepasuka. Hakunigombeza. Alinipa mkono tu, akaniambia kwamba huko asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu.

Mama Anjela, jino limeshang'olewa, aliniita jikoni.

"Mwanahawa, umewahi kulala na soksi?"

"Sina soksi, mama."

"Basi hujui baridi. Na usichokijua usikisemee kidogo wala kingi. Kaa hapa nikufundishe."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusoma. Mama Anjela alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mpana, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokusalimu. Alinifundisha kumuuliza kila mgeni maswali matatu kabla ya kufungua ramani: unakwenda wapi, mwezi gani, na hebu nione viatu. Swali la tatu wageni wengi walilicheka. Lakini miguu haidanganyi. Mtu anaweza kukwambia amezoea safari, kumbe amevaa viatu vya kuingilia ukumbini. Mimi nimewarudisha wageni dukani kununua raba mara nyingi kuliko nilivyowarudisha kwa jambo lolote jingine.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: ramani kubwa ya nchi iliyochakaa mahali pa Morogoro kwa kuguswa na vidole, simu ya mezani, benchi moja, na gunia la masweta. Gunia hilo lilianza na yule kijana wa Makete, aliyeacha koti lake akisema hatalihitaji tena maishani. Mama Anjela akalitia guniani, na toka siku hiyo anayepanda nyanda za juu anachukua, anayeshuka anarudisha. Likaja kujaa mpaka likawa magunia mawili. Humo nimewahi kukuta sweta la kitoto lililofumwa kwa mkono, kofia yenye masikio, na suruali ambayo sikumpata mwenyewe na sikutaka kujua ilivuliwaje.

Nchi yetu ni kubwa na haina hali moja ya hewa. Hili mnalijua, lakini mgeni halijui, naye anaona kwenye ramani rangi moja. Mtu anayepanda basi Kibaha alfajiri anatoka jasho Chalinze, anatafuta sweta Mafinga, na akifika Njombe anaogopa kuoga. Kwa hiyo mwambieni sweta alishike mkononi, asilifungie kwenye begi chini ya basi. Anayekwenda Dodoma mwezi wa saba mwambieni mchana jua litamdanganya, usiku kuna baridi. Anayekwenda Bukoba abebe mwavuli, asiulize mwezi.

Kwa njia ya karibu tulikuwa na kipimo chetu wenyewe. Mama mmoja wa kijiji cha Janga, karibu na mto Ruvu, alituletea mchicha jikoni siku mbili kwa wiki. Wakati wa masika nilimwuliza, "Ruvu imefika wapi leo?" Naye aliinua gauni kidogo akanionyesha kwa mkono: kifundo, goti, paja. Akishika goti niliwaruhusu wageni wa Morogoro waende. Akishika nyonga niliwaambia wasubiri chai ya pili. Meneja alisema hiyo si njia ya kitaalamu. Nilimwuliza kama anayo nyingine, akaondoka.

Mabasi yanayotoka mikoani nayo yalikuwa shule yetu. Yaliposimama kituoni Maili Moja nilikwenda kuwauliza makonda, huko mlikotoka kukoje. Walinizoea. Wengine walipiga kelele kabla sijafika, "Bi Hawa, Iringa kavu, Mikumi kavu, tafuta kazi nyingine!" Nilikuwa nafanya hivyo kila masika na kila vuli. Shikeni hapo: masika na vuli. Kiangazi sikuenda, maana niliona hakuna cha kuuliza.

Ukutani tulikuwa na karatasi ya manila aliyoiandika Mama Anjela kwa mwandiko wake mzuri. Masika, Machi mpaka Mei. Kipupwe. Vuli. Kisha Januari na Februari, kiangazi, njia zote kavu. Alipostaafu aliniachia kiti na karatasi hiyo, akaniambia niitunze. Niliitunza. Niliipangusa vumbi kila Ijumaa. Kwetu Pwani ndivyo mwaka unavyokwenda, na kwao Kilimanjaro mvua ni mbili vilevile, kwa hiyo kati yetu wawili hakuna aliyewahi kuona kosa.

Sasa nifike kwenye habari ya Nils na Karin, ambayo ndiyo hasa nilitaka kuiandika.

Walikuwa mtu na mkewe, Wanorwe, umri wa kupewa shikamoo na wengi. Nils alikuwa fundi seremala aliyeacha kazi. Binti yao wa pekee, Sofia, alikuwa muuguzi katika zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Sumbawanga, njia ya kwenda Mpanda, na alikuwa anaolewa na mwalimu wa hukohuko, Deusi. Harusi Jumamosi ya mwisho ya Januari. Wazee wakaja Kibaha wiki tatu kabla ili wajifunze Kiswahili, kwa sababu Nils alikuwa ameapa kwamba hotuba ya baba wa bibi harusi ataitoa mwenyewe, bila mkalimani.

Mwalimu wao wa darasani alikuwa mzuri, lakini mwalimu ambaye Nils alimpenda ni Shabani. Shabani alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli Misugusugu, na Nils, kwa kuwa ni mtu wa mikono, aligundua kibanda hicho siku ya pili. Kila alasiri utamkuta huko, ameinama juu ya gurudumu, ana karatasi ya hotuba mfukoni. Alikuwa akiwaamkia shikamoo watoto wa shule, nao wakimwitikia marahaba kwa sauti nzito, wakikimbia kwa kicheko.

"Mzee Nilsi," nilimsikia Shabani siku moja, "hotuba yako ina kurasa ngapi?"

"Nne."

"Nne! Unaoza binti au unafungua bunge? Sikiliza. Hotuba ya harusi unasema, unakaa, unakula."

"Na shukrani?"

"Shukrani watu wanaiona unavyokula."

Karin hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Yeye ndiye aliyekuja dirishani na tarehe zake zimeandikwa. Alitaka waondoke Jumatatu, ili wawe na siku nyingi za kuchelewa. Padri wa kule alikuwa na vijiji vingi, angekuwepo Jumamosi hiyo mpaka saa kumi jioni tu, kisha asingerudi mwezi mzima. Na tiketi yao ya ndege ya kurudi ilikuwa wiki inayofuata. Wakikosa Jumamosi ile, binti angeolewa wao wakiwa kwao.

"Jumatatu ni mapema mno," nilimwambia. "Mtamaliza masomo yenu. Ondokeni Alhamisi alfajiri, jioni mtalala Mbeya, Ijumaa jioni mtakuwa mnakula na wakwe zenu."

Miaka ile lami ilikuwa haijafika Sumbawanga. Akaniuliza, "Na barabara ya vumbi?"

"Januari ni kiangazi," nikasema, na nikamwonyesha karatasi ya ukutani. "Ni vumbi kweli. Fungeni vitambaa puani."

Karin akasoma karatasi. Akasema kwamba wakwe walishangaa sana kusikia harusi Januari, wakauliza kwa nini wasingoje mwezi wa saba. Mimi nikacheka. Nikasema labda wana shughuli za shamba. Neno hilo limenisumbua miaka mingi. Mlango wa jibu ulikuwa wazi mbele yangu, nami nikaufunga kwa kicheko.

Wakaondoka Alhamisi. Shabani alikwenda kuwasindikiza Maili Moja, akamfunga Nils tai kwa majaribio, akamvua, akaiviringisha akaitia kwenye kiatu ili isijikunje.

Saa tisa alasiri siku hiyohiyo nilikwenda kituoni kupokea kifurushi cha ofisi. Basi la kutoka Sumbawanga lilikuwa limesimama. Sikulitambua kwa rangi, maana halikuwa na rangi. Lilikuwa na matope mpaka kwenye vioo. Konda wake, Ambakisye, alikuwa amekaa ngazini anakwangua viatu kwa kijiti.

"Mmepita wapi nyie?" nikamwuliza.

"Tumepita njia yetu, Bi Hawa. Siku nne. Mbili tumelala kwenye tope, abiria wanapika uji kando ya barabara."

"Mvua? Januari hii?"

Akaniangalia kama mtu anayetazama mgonjwa. "Kwani kule mvua inanyesha lini? Inaanza Novemba, inakwisha Aprili. Januari ndiyo yenyewe."

"Lakini ni kiangazi."

"Kiangazi cha wapi? Nyie watu wa Pwani mnadhani Mungu anagawa mvua kwa kalenda yenu!"

Abiria wakacheka. Nilikaa kwenye ngazi ya basi, pembeni yake, kwenye matope hayohayo, nikamweleza. Akaacha kucheka. Akatupa kijiti.

"Basi kubwa wasipande," akasema. "Halitafika Jumamosi. Waambie wakilala Mbeya, asubuhi waende Tunduma, watafute Landrova za abiria. Nina mwenzangu pale, nitampigia. Ila kuna mto, Bi Hawa. Mto ukijaa, hata Landrova inakaa."

Nilirudi ofisini nikamweleza meneja wetu wa wakati ule, Bwana Lukasi.

"Wapigie," akasema. "Waambie hali ya hewa imebadilika. Siku hizi haitabiriki. Kila mtu anajua."

"Haijabadilika. Kule ndivyo ilivyo tangu enzi na enzi. Mimi ndiye sikujua."

"Sasa ukisema hivyo, nani ataliamini dirisha letu?"

Nilikwenda nyumbani. Shabani alikuwa anasukuma chapati, maana Alhamisi zamu ya jikoni ilikuwa yake, na nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Hakusema nimekosea na hakusema sikukosea. Aliniuliza, "Wamefika Mbeya?"

"Saa mbili watakuwa wamefika."

"Basi kula kwanza. Mtu anayeomba radhi na njaa huishia kulia, na yule mama hapendi kulia."

Nikala chapati moja. Saa mbili na robo nikapiga simu kwenye nyumba waliyofikia Mbeya, Karin akaitwa.

"Bi Karin, nilikosea. Huko mnakokwenda Januari si kiangazi, ni mvua kubwa. Nilikupa habari ya mahali ambapo sijawahi kufika, nikaisema kama ninaijua. Ungeondoka Jumatatu ungefika."

Nilisikia watu wanacheka nyuma yake, labda mgahawani.

"Tutafika?" akauliza.

Ningeweza kusema mtafika, inshallah, kama tunavyosema wote. Nilisema, "Sijui. Nitakwambia ninachokijua na nani ameniambia." Nikamweleza habari ya Tunduma, Landrova, yule rafiki wa Ambakisye, na mto. Aliandika. Nilisikia kalamu. Kisha akakata simu bila kuaga.

Ijumaa alasiri simu ililia, ni yeye, kwa simu ya mkononi ya abiria mwenzake. Sauti ilikuwa inakuja na kupotea. "Tuko kwenye mto," akasema. "Maji ni ya kahawia. Wanasema labda kesho." Kisha simu ikakatika. Nilipiga tena na tena. Hapakuwa na mtandao.

Jumamosi nilikaa dirishani toka saa mbili. Saa nne Shabani akatokea na baiskeli yake, amefunga kibanda siku ambayo wateja ni wengi, akakaa kwenye benchi bila kueleza. Wageni walikuja kama kawaida. Mmoja, mtu mzima kutoka Dar aliyekuwa na watoto watatu, akaniuliza Mikumi mwezi huu nyasi ni ndefu au fupi.

"Sijafika Mikumi," nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo dirishani.

"Hujafika? Dada, si umekaa hapo kutoa maelezo?"

"Ndiyo. Nitakuulizia kwa madereva wanaopita."

"Sasa wewe umefika wapi?"

"Kibaha na Kisarawe."

Shabani aliangua kicheko mpaka akajishika kwenye benchi. Yule baba naye akacheka, na watoto wake, na mwisho mimi pia. Nilimwulizia kwa dereva. Nyasi zilikuwa ndefu.

Saa tisa ikapita. Saa kumi ikafika, Shabani akatazama saa ya ukutani, nami nikamwona anaitazama, tukaangalia pembeni wote wawili. Padri angekuwa anawasha pikipiki yake sasa. Saa kumi na nusu Bwana Lukasi akatoka ofisini, akasimama nasi, akarudi ndani, akatoka tena.

Saa kumi na mbili kasoro simu ikalia. Haikuwa sauti ya Karin. Ilikuwa ya msichana, Kiswahili cha kule bara, chenye utulivu.

"Shikamoo Bi Hawa. Mimi ni Sofia."

"Marahaba, mwanangu. Wazazi?"

"Wamefika saa kumi na moja kasoro robo. Kwenye trela la trekta lililowavusha mto, juu ya mifuko ya mbolea."

Nikakaa chini. "Na padri? Ameondoka?"

"Hakuweza. Baba mkwe alikuwa amekalia ufunguo wa pikipiki yake. Toka saa tisa. Padri anautafuta, kijiji kizima kinautafuta, baba mkwe amekaa tu kwenye kiti anasema jamani hata mimi siuoni." Alikuwa anacheka na analia. "Tumeshafunga ndoa, Bi Hawa. Padri amefungisha haraka mpaka nimesahau kusema ndiyo, akanikumbusha. Subiri, baba anataka kuhutubia, anasema na Shabani asikie."

Nikampa Shabani simu, tukaweka sikio lake na langu pamoja. Ngoma ikanyamaza. Kisha tukasikia sauti nene ya Nils, polepole, kila neno limesimama peke yake.

"Shikamooni wote, hata watoto." Kicheko. "Mimi ni baba wa Sofia. Nina matope mpaka kiunoni. Hotuba yangu ilikuwa kurasa nne. Imeanguka mtoni." Kicheko kikubwa zaidi, mtu akapiga kigelegele. "Deusi, huyu ni binti yangu. Nimekuja mbali. Nimesema. Nakaa. Nakula."

Vigelegele vilivyofuata vilijaza simu mpaka vikatoka nje. Shabani aliinuka akanyoosha mkono kwa ofisi nzima, kwa Bwana Lukasi, kwa mpishi, kwa wageni wasiojua lolote, "Mwanafunzi wangu huyo! Mnasikia? Huyo nimemfundisha mimi, kibandani kwangu!"

Waliporudi Kibaha kwenda kupanda ndege, Karin alikuja dirishani peke yake. Alikuwa amesimama wima kama siku ya kwanza.

"Nilikukasirikia siku mbili," akaniambia. "Mtoni nilikukasirikia sana. Sasa nimechoka kukasirika." Akafungua mfuko aliokuja nao. "Ungenidanganya tena usiku ule Mbeya, tungepanda basi kubwa." Kisha akatoa viatu vyake vya mvua kwenye mfuko, akavitia guniani mwenyewe, akafunga mdomo wa gunia.

Jumatatu ile nilikuwa nimeshaiteremsha karatasi ya Mama Anjela. Sikuichana. Nilimpelekea nyumbani kwake Kibaha, nikamweleza, akaisoma muda mrefu akasema, "Miaka yote hii, na mimi niliwatuma watu wa Mpanda Januari. Hawakurudi kulalamika." Akaikunja karatasi. "Labda walikuwa bado njiani," akasema, na tukacheka kwa aibu, watu wazima wawili.

Karatasi mpya niliyoiandika, hiyo mnayoijua, ina mistari miwili, mmoja wa sehemu za nchi zenye mvua mbili kwa mwaka na mmoja wa zenye mvua moja, na chini yake pameandikwa jina la aliyetuambia. Bwana Lukasi alihofia wageni watatudharau. Haikutokea. Mgeni ukimwambia sijafika lakini konda aliyelala huko juzi anasema hivi, anakusogelea. Ila mkumbuke kwenda kuwauliza makonda mwaka mzima, hasa wakati mnaodhani hakuna cha kuuliza.

Sofia hakuniachia hapo. Aliandika barua: Januari ijayo njoo uione mwenyewe. Bwana Lukasi, kwa kushangaza, alinipa likizo bila maneno. Shabani akafunga kibanda, akachimba ndani ya magunia yetu akatoka na ile kofia yenye masikio, akaivaa kuanzia Kibaha, kwenye joto lote lile, akisema anaizoesha kichwa.

Nilikuwa na umri wa kuitwa bibi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka Morogoro. Nilikaa dirishani mwa basi nikitazama mambo niliyoyasimulia miaka yote. Mengi yalikuwa kama nilivyoambiwa. Baridi ya Mafinga haikuwa hivyo, ilikuwa zaidi, na hakuna konda aliyewahi kunieleza harufu ya misonobari. Baada ya Tunduma mvua ikaanza. Si mvua ya kwetu inayopiga na kuondoka. Ilikuwa imekaa, kama mwenye nyumba.

Katikati ya mchana basi lilizama. Konda akaomba wanaume washuke wasukume. Shabani alishuka wa kwanza, mtu wa miaka sitini kasoro, suruali imekunjwa, kofia ya masikio kichwani. Walisukuma, gurudumu likazunguka, likamrushia tope kuanzia kidevuni. Wenyeji walikuwa wanacheka wakimwita babu wa Pwani. Akageuka akanitafuta kwenye madirisha.

"Mwanahawa! Umefuata Januari, hii hapa! Shuka!"

"Nitaharibu nguo!"

"Shuka, mama! Utakuja kuwaambia watu umeiona kupitia kioo?"

Hao wanaokuja hapa kunipa pole huniuliza alikuwaje mwishoni, kama aliumwa sana, kama alisema neno. Aliumwa, na alisema machache. Nikishawajibu hayo nawasimulia siku hii, mvua inamwingia mdomoni kwa sababu hakuacha kucheka, amenyoosha mikono miwili yenye tope anipokee ngazini. Nikavua viatu, nikashuka.